Safari Yangu ya Florida: Hoteli za Chakula na Nyumba za Aiskrimu

Tangu nirudi kutoka Marekani, wenzangu wa afisini hawakuniuliza habari za majumba marefu wala za magari. Wameniuliza neno moja tu: "Ulikula nini huko?" Swali hili ni la haki, kwa maana msafiri hulikumbuka tumbo lake kabla ya kuyakumbuka makumbusho. Nami nimeona heri niandike majibu yangu hapa mara moja, ili nisiwe nikiyarudia kila saa nne tunywapo chai.

Mdogo wangu wa kike ni mwuguzi katika mji wa Tampa, jimbo la Florida, na hatukuwa tumeonana kwa muda wa miaka tisa. Nilipopata likizo yangu nalimwendea kwa siku kumi na sita. Nalidhani kwamba tutakula nyumbani kwake, sima na mboga, huku tukizungumza habari za wazee wetu. Kumbe kazi yake ni ya zamu za saa kumi na mbili, na jikoni mwake mna sufuria mbili tu. Jioni ya kwanza aliniambia, "Kaka, usinione vibaya. Huku mgeni hukirimiwa hotelini." Nilinyamaza, lakini moyoni niliona uchungu kidogo. Kwetu mgeni akipelekwa hotelini ni kama kuambiwa kwamba hakuna aliyetaka kumpikia. (Neno hoteli nalitumia hapa kama tulitumiavyo sisi, yaani nyumba ya kula, wala si ya kulala.)

Kwanza nitaeleza desturi, maana zilinishinda. Katika hoteli nyingi za huko mtu haingii akajiketia apendavyo. Husimama mlangoni, penye kimeza kidogo, mpaka aje mtu amwulize wako wangapi na kuwaongoza mpaka meza aliyowachagulia. Kabla hujasema neno, umekwisha kuletewa bilauri ya maji yenye barafu hata juu, bila malipo, ijapokuwa nje kuna mvua na baridi. Chakula chenyewe huja kwa wingi wa kutisha. Sahani ya mtu mmoja ingewatosha watoto watatu, na mlaji akishindwa huomba kijisanduku akachukua kilichobaki kwake nyumbani, wala si aibu. Jambo hili nalilisifu.

Lililobaki ni hesabu, na hapo ndipo mkarani wa Serikali alipotahayari. Bei iliyoandikwa katika orodha si bei utakayolipa. Jimbo hutoza kodi ya asilimia 6, na wilaya nyingi huongeza yao juu yake. Kisha kuna bakshishi, ambayo huko si hiari kama watu wanavyosema. Asilimia 18 au 20 ndiyo ada. Sababu yake ni hii. Mwaka 2020 wananchi wa Florida walipiga kura kwamba mshahara wa chini kabisa upandishwe kidogo kidogo kila mwaka, hata ufikie dola 15 kwa saa mwezi wa Septemba 2026. Lakini sheria humruhusu mwajiri kumlipa mtumishi wa meza dola 3 na senti 2 chini ya kiasi hicho, kwa kuwa yatarajiwa kwamba wageni watamjazia. Basi asiyetoa bakshishi amekula kwa jasho la mwenziwe. Mimi nilikosea kwa upande wa pili. Katika hoteli moja ya pwani ya Miami, ambayo sitaitaja, walikuwa wamekwisha kuitia ada ya utumishi ndani ya hesabu kwa maandishi madogo mno, nami nikatoa bakshishi nyingine juu yake kwa moyo mkunjufu. Mdogo wangu alipoisoma karatasi ile tulikuwa tumekwisha kwenda maili kumi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Dola moja wakati ule ilikuwa yapata shilingi 129 za kwetu, kwa hiyo mimi sikucheka.

Katika mji wa Tampa kuna mtaa uitwao Ybor City. Mtaa huu ulianzishwa mwaka 1885 na Vicente Martinez Ybor, tajiri aliyekuwa na viwanda vya biri, yaani zile sigara nene zinazosokotwa kwa jani la tumbaku. Wafanyakazi walikuja kutoka Kuba, Hispania na Italia, na kila kundi likaja na chungu chake. Mkate wao wa kuchapwa baina ya vyuma vya moto una nyama ya nguruwe ya kuoka, hemu, jibini, matango ya siki na haradali. Na kwa sababu ya Waitaliano, watu wa Tampa huongeza soseji ya salami. Watu wa Miami husema kwamba salami ni kosa. Ugomvi huu si mzaha, maana mwaka 2012 baraza la mji wa Tampa lilipitisha azimio la kuutambua mkate huo, salami yake ikiwamo. Hata mkate mtupu una habari yake: mwokaji hulaza jani bichi la mnazi-mwitu juu ya donge la unga, na mahali pale ndipo mkate hupasuka ukiiva.

Jambo lililonipendeza zaidi mtaani hapo si la kuliwa. Wale wasokota biri walikaa kimya siku nzima na mikono yao ikifanya kazi, basi walichanga fedha zao wenyewe wakamwajiri msomaji. Alikaa juu ya jukwaa akawasomea magazeti, kisha hadithi ndefu za vitabu. Mtu asiyejua hata herufi moja aliweza kutoka kazini jioni akijua habari za dunia nzima. Wenye viwanda waliwaondoa wasomaji hao mwaka 1931. Nawaambia habari hii ninyi wasomaji wa gazeti, mpate kujua thamani ya mtu asomaye kwa sauti.

Katika mtaa huo iko hoteli ya Columbia, iliyofunguliwa mwaka 1905 na Mkuba aitwaye Casimiro Hernandez. Ilianza kama mkahawa mdogo wa pembeni, wenye viti 60, ambamo wasokota biri walikunywa kahawa. Leo ndiyo hoteli kongwe kuliko zote za Florida. Ina vyumba 15 vya kulia na viti 1,700, imeenea mtaa mzima kutoka kona hata kona, na ingali mikononi mwa jamaa ile ile. Kuta zake zimepambwa kwa vigae vya rangi kama nyumba za kale za Hispania. Tuliagiza saladi yao mashuhuri, iitwayo kwa jina la mwaka ule wa 1905. Mtumishi huja na bakuli kubwa mpaka mezani, akachanganya mbele ya macho yako majani ya letasi, nyanya, hemu, jibini na zeituni, akaumiminia mchuzi wenye vitunguu saumu, akakamua limau, akageuza na kugeuza. Aliyetuhudumia alikuwa mzee mwenye mvi, na mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Kila alichokifanya alikifanya kana kwamba sisi wawili tulikuwa mawaziri.

Hapo ndipo nilipoacha kula kwa kitambo, na mdogo wangu akaniuliza nina nini. Nilikuwa namwona babu.

Marehemu babu yetu mzaa baba alikuwa mtumishi wa meza katika hoteli moja ya Nairobi kabla ya Uhuru. Alivaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, akabeba sahani nne kwa mkono mmoja, akajua uma wa samaki na uma wa nyama na upande gani hukaa kila mmoja. Alitufundisha sisi wajukuu kutandika meza kwa vijiti juu ya mkeka. Siku moja, nikiwa mtoto, nalimwuliza viti vya hoteli ile vilikuwaje. Akasema, "Nalivivuta kila siku. Sikuvikalia." Wala hakulisema kwa uchungu, alilisema kama mtu atajaye saa ya gari la moshi kuondoka. Nilimkumbusha mdogo wangu maneno hayo pale mezani. Yeye alikuwa mdogo sana wakati ule, na hakuwa ameyasikia.

Sasa nije kwenye vitamutamu. Katika Tampa iko hoteli ya nyama iitwayo Bern's, iliyofunguliwa na Bern Laxer na mkewe Gert mwaka 1956. Nyama huuzwa kwa uzito na kwa unene wa kipande, nasi tuliagiza kipande kimoja kidogo tukagawana, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa ameweka akiba kwa ajili ya usiku ule. Baada ya kula waliturembea ndani: wakatuonyesha jiko, wakatushusha katika ghala ya mvinyo, ambako chupa zimepangwa kama majalada ya afisi. Mimi si mnywaji, lakini mpango mzuri wa majalada huniburudisha popote niuonapo. Halafu ukaja ustaarabu nisioupata kuuona: kitamutamu hakiliwi pale mezani. Mgeni huinuka akapanda ghorofani, katika chumba kilichofunguliwa mwaka 1985 kikaitwa kwa jina la Harry Waugh, mjuzi wa mvinyo wa Uingereza. Huko juu kuna vibanda vingi vilivyojengwa kwa mbao nyekundu za mapipa makuukuu ya mvinyo, na kila jamaa huketi ndani ya kibanda chake kama nyuki katika mzinga. Aiskrimu niliyoletewa ilikuwa ya njugu za makadamia. Nikatafuna, nikamwambia mdogo wangu, "Njugu hizi huzijui? Embu na Murang'a zimejaa." Sisi tunazilima, tunazibangua, tunazipeleka ng'ambo katika maboksi, nami ilinibidi nivuke bahari ndipo nizile ndani ya aiskrimu kwa mara ya kwanza.

Na maadamu nimetaja aiskrimu, yafaa mjue kwamba Florida ina haki ya kujivunia barafu. Katika mji mdogo wa Apalachicola aliishi daktari aitwaye John Gorrie. Zamani zile barafu ililetwa kwa merikebu kutoka majimbo ya baridi ya kaskazini, na ikichelewa mji ulikaa bila. Gorrie aliwatibu watu wa homa, akaamini kwamba hewa ya baridi ingewafaa, akaning'iniza mabeseni ya barafu juu ya vitanda vyao. Alipochoka kungoja merikebu aliunda mashine ya kutengeneza barafu kwa kuibana hewa na kuiachilia, na mwaka 1851 Serikali ya Marekani ikampa hati ya uvumbuzi. Hakupata faida. Alifariki mwaka 1855 akiwa hana kitu, na watu wengine wakimdhihaki. Mwaka 1914 jimbo la Florida lilipeleka sanamu yake katika jumba la Bunge huko Washington. Kila nilipotiliwa barafu bilaurini bila kuiomba, nalimkumbuka daktari yule.

Barafu hiyo imefika mbali. Tulipokuwa tukishuka kusini tulisimama Dania Beach, katika nyumba ya aiskrimu iitwayo Jaxson's, iliyoanza mwaka 1956. Kuta zake zimefunikwa na vibao vya namba za magari kutoka pande zote. Humo wana aiskrimu ya watu wanne au zaidi, nayo huletwa ndani ya sinki halisi la jikoni, lile la kuoshea vyombo. Hatukuiagiza. Tuliiona ikipita kwenda kwa jamaa moja yenye watoto watano, na nyumba nzima ikageuza shingo. Mimi naona kwamba chakula kikifika kiasi cha kutiliwa sinkini kimekwisha kuwa mchezo. Lakini sura za wale watoto sitazisahau upesi.

Miami tulipita kwa haraka. Tulikunywa kahawa ya Kikuba katika dirisha la hoteli ya Versailles, iliyofunguliwa mwaka 1971 na watu waliokimbia Kuba baada ya mapinduzi ya mwaka 1959. Kikombe ni kidogo kama kile cha kahawa ya Mombasa, ila sukari imekwisha kupigwa povu ndani yake. Hoteli ya Joe's Stone Crab, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1913, tuliiona kwa nje tu, maana tuliuliza bei kwanza. Huko huliwa magando ya kaa, nayo huvuliwa kwa sheria njema: mvuvi hukata gando lililofikia kipimo, akamrudisha kaa baharini akiwa hai, na gando huota tena. Msimu wake ni kutoka tarehe 15 Oktoba mpaka tarehe 1 Mei.

Kutoka hapo njia huenda baharini. Florida imemalizikia katika mstari wa visiwa vidogo, na barabara huviunga kwa madaraja 42. Zamani palikuwa na reli, iliyofika Key West mwaka 1912. Tufani ya mwaka 1935 iliivunja, nao wakaijenga barabara juu ya mabaki yake, ikafunguliwa mwaka 1938. Katika visiwa hivyo kuna pai ambayo jimbo limeitangaza kwa sheria, mwaka 2006, kuwa pai yake rasmi. (Mwaka 2022 walitunga sheria nyingine kwamba kitamutamu rasmi ni keki ya stroberi. Wabunge wa kila nchi hupata wakati wa mambo kama hayo.) Pai ile hufanywa kwa viini vya mayai, maziwa mazito ya kopo na maji ya tunda dogo la kijani liitwalo kwa jina la visiwa. Maziwa ya kopo ndiyo yaliyokuwa msingi, kwa sababu visiwani ng'ombe walikuwa haba na maziwa mabichi hayakudumu kwa joto.

Nilipoletewa kipande changu nilikinusa kabla ya kukionja. Nikamwuliza mtumishi kama angeweza kunionyesha tunda lenyewe. Akaenda jikoni akarudi nalo katika kiganja. Wasomaji, lilikuwa ndimu! Ndimu yetu hii hii ya kukamulia mchuzi wa samaki, iliyo ndogo, yenye ganda jembamba na mbegu tele. Asili yake ni Asia ya mashariki ya kusini, na ikasafiri na wafanya biashara pande mbili za dunia, hata Wahispania wakaifikisha Florida. Tufani ya mwaka 1926 iliharibu mashamba ya ndimu hizo, wakulima wakapanda aina nyingine kubwa isiyo na mbegu, na siku hizi ndimu nyingi za pai hutoka Mexico. Mtumishi yule alistaajabu nilipomwambia kwamba kwetu ndimu kama hizi huuzwa kwa mafungu njiani. Pai yenyewe ni chachu na tamu pamoja, na rangi yake ni ya manjano. Mkiona ya kijani, jueni wametia rangi.

Siku mbili kabla ya kuondoka, mdogo wangu alisema tuna safari moja zaidi, upande wa mashariki. Hakuniambia ni kwa nini. Mji ule ni St. Augustine, ambao Wahispania waliujenga mwaka 1565, na hakuna mji mwingine wa Wazungu katika Marekani uliokaliwa bila kukatika tangu zamani kama huo. Watu huenda kuitazama ngome yake ya mawe, nasi tuliitazama, nayo ilinikumbusha Ngome ya Yesu. Kisha mdogo wangu akanipeleka mbele ya hoteli kubwa ya kulala iliyoelekea ghuba, akanionyesha ngazi chache za zamani zilizoachwa peke yake, zenye maandishi.

Mahali hapo palikuwa na hoteli nyingine, Monson Motor Lodge, iliyobomolewa mwaka 2003. Tarehe 11 Juni 1964 Dakta Martin Luther King alizipanda ngazi zile na wenzake, wakaomba kula chakula cha mchana. Wakakataliwa, nao waliposimama pale pale wakakamatwa na kutiwa jela. Wiki moja baadaye, vijana weusi na weupe walipoogelea pamoja katika bwawa la hoteli ile, meneja alimwaga asidi majini. Tarehe 2 Julai mwaka ule ule Rais Johnson alitia sahihi sheria iliyokataza hoteli kumfukuza mtu kwa ajili ya rangi yake. Lakini kazi ilikuwa imeanza mbele yake. Mwaka 1960 wanafunzi wa Tallahassee waliketi katika meza ya duka wasiporuhusiwa, na baadhi yao wakachagua kukaa jela siku 49 kuliko kulipa faini. Na katika St. Augustine yenyewe, mwezi wa Julai 1963, vijana waliketi mezani dukani wakiomba chakula. Wanne kati yao, ambao hawajatimiza miaka kumi na minane, walizuiliwa miezi sita. Miezi sita, kwa kuketi.

Nilisoma maandishi yale, kisha nikayasoma tena. Mdogo wangu alisema, "Tangu uliponiambia maneno ya babu pale Ybor, nilitaka uone hapa." Ndipo uchungu wangu wa jioni ya kwanza, ule wa kupelekwa hotelini, uliponiondoka.

Tulikuwa na njaa. Tukaenda katika hoteli ndogo isiyo mbali na maji. Nalisimama mlangoni kama nilivyofundishwa, nikingoja kuongozwa. Kijana wa Kizungu, mwenye sahani mikononi, akatuita kwa mbali, "Ketini popote mpendapo!" akaenda zake jikoni. Mdogo wangu alinitazama. Ukumbi ulikuwa nusu mtupu, wenye viti vya mbao vya kawaida kabisa, nami nilichukua muda mrefu mno kuchagua, hata akanivuta mkono. Tulikaa dirishani.

Tuliagiza mchuzi mzito wa kombe, nyekundu, ambao watu wa mji ule wameurithi kwa wahamiaji waliokuja kutoka kisiwa cha Minorca katika karne ya kumi na nane. Hutiwa pilipili yao ya manjano iitwayo datil, nayo ni kali kweli kweli. Kwa mara ya kwanza katika siku kumi na nne nalitoka jasho mezani. Nikaomba chupa ya pilipili ile iletwe, nikaongeza. Kijana alisimama akitazama, akauliza tunatoka wapi. Hesabu ilipokuja niliisoma yote, pamoja na maandishi madogo, nikapiga asilimia 20, nikaongeza juu yake dola tano. Mdogo wangu akasema, "Kaka, umekosea tena." Nikamwambia sikukosea. Tukaondoka upesi, kwa maana alikuwa na zamu saa moja ya asubuhi, na mpaka Tampa ni mwendo wa zaidi ya saa tatu.